Paka anakohoa kila usiku, mkwe anataka atupwe sokoni

BARUA

Mwanangu daktari, salaam aleikum.

Mimi ni bibi wa miaka 63, nakaa Ngamiani hapa Tanga na mwanangu wa kiume, mkewe, na mjukuu wangu wa miaka 6. Nina paka dume, jina lake Sharubu. Nilimwokota mferejini wakati wa masika, macho hayajafumbuka sawasawa, nikamlea kwa maziwa na kitambaa. Sasa ana miaka mitano, na mnene kiasi kwamba wageni huniuliza atazaa lini.

Tangu baada ya Maulidi anakohoa. Si chafya, ni kikohozi. Anajikunyata, tumbo linagusa sakafu, viwiko kavitoa nje, shingo kainyoosha mbele kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda, halafu khe khe khe, mara sita, mara saba. Akimaliza anameza, anajilamba mdomo, anaendelea na shughuli zake kama vile si yeye. Hatapiki, hatoi kitu. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa wiki. Siku hizi ni karibu kila usiku, na tena alfajiri ninapoamka kuswali.

Wifi yangu alisema ni nywele zimemkwama, nimpe mafuta ya nazi. Nikampa kijiko asubuhi kijiko jioni, huku mjukuu kamshika miguu. Akaharisha, na kikohozi kiko palepale. Jirani akaleta habbat soda na asali. Kijana wa duka la dawa akanipa dawa ya kikohozi ya maji, ya watoto. Nilipomnywesha alitokwa na mapovu, nikaogopa nikaacha. Nimemchua kifua kwa Vicks. Siku moja nilisaga nusu ya Panadol nikaitia kwenye mchuzi wa samaki. Akanusa, akanitazama, akaondoka.

Mwishowe nikamwita bwana mifugo. Alimchoma sindano moja, hakusema ni ya nini, na kweli Sharubu akapona kabisa. Wiki mbili, tatu, hakohoi. Kisha kikarudi vilevile.

Sasa usiku wa kuamkia Ijumaa iliyopita nilifukiza udi kama ilivyo kawaida yangu. Haikupita nusu saa, nikamwona amekaa mlangoni, mdomo wazi, ulimi nje, anahema kama mbwa aliyekimbizwa, tumbo linaingia na kutoka. Ilichukua muda ndipo akatulia. Nisikufiche mwanangu, nilishaishika mkononi ile pampu ya mjukuu, nikasita.

Maana mjukuu naye ana pumu, ilianza mwaka jana. Na hapo ndipo penye ugomvi. Mkwe wangu anasema paka ndiye aliyemletea mtoto pumu, apelekwe soko la samaki akaachwe huko, atakula atashiba. Shoga yangu yeye anasema kinyume, mtoto ndiye aliyemwambukiza paka. Mimi nimekaa katikati. Mtoto nampenda, paka nampenda, na mkwe sitaki nimkosee.

Nikueleze na mengine usije ukaniuliza: Sharubu anakula dagaa, wali na mchuzi, na mijusi anayoikamata mwenyewe ukutani. Tunapikia mkaa barazani. Usiku tunachoma dawa ya mbu, ile ya kuzunguka. Choo chake ni boksi la majivu ya jikoni, nalibadilisha kila siku.

Nina swali moja la nyongeza. Kaka yangu yuko Arusha, ana kijibwa cha kizungu, kidogo kama sungura, cha miaka tisa. Naye anakohoa mwaka wa pili huu, na akifurahi au akivutwa kamba hutoa sauti kama bata. Je, ni ugonjwa huohuo?

Bibi Sharubu, Tanga

JIBU

Waalaikum salaam, na shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mlangoni, usiku wa kuamkia Ijumaa, mdomo wazi na ulimi nje. Tuanze na hapo, ugomvi wa pumu utasubiri kidogo.

Mbwa huhema mdomo wazi kwa sababu ndivyo anavyojipoza. Paka hana desturi hiyo. Paka aliyetulia nyumbani, ambaye hajatoka kupigana wala hajafungiwa kwenye gari lenye joto, akifungua mdomo ili apumue, maana yake pua haimtoshi tena. Hiyo ni hali ya hatari hata kama inaisha yenyewe baada ya dakika kumi. Ikirudi, mfunue mdomo taratibu utazame fizi. Zikiwa za waridi una nafasi ya kupumua wewe mwenyewe, ila aonwe na daktari siku hiyohiyo. Zikiwa za kijivu, za buluu au nyeupe, hapo ni kwenda kwa daktari saa hiyohiyo, usiku ni usiku. Muweke kwenye kikapu au boksi lenye matundu, pawe na giza kidogo na utulivu. Usimviringishe kwenye kanga ukambana, usimnyweshe kitu, na watoto wasimzonge. Paka aliyekosa hewa akilazimishwa kushikwa anaweza kufa mikononi mwako.

Sasa kikohozi chenyewe. Ulivyomweleza Sharubu, tumbo chini, viwiko nje, shingo mbele, kisha anameza, ni kama umesimama pembeni yangu kliniki ukanionyesha. Wifi yako hana kosa, karibu kila mtu husema ni nywele. Hata mimi, nikiwa mwanafunzi Morogoro, niliwahi kumwambia mama mmoja kwa kujiamini kabisa kwamba paka wake ana nywele tumboni. Alirudi wiki tatu baadaye, paka kabebwa kwenye beseni. Tangu siku hiyo nauliza swali moja: mwisho wake anatoa nini? Paka mwenye nywele hutapika. Tumbo linasukuma, kichwa kinaenda mbele na nyuma, na mwisho kuna kitu sakafuni, kirefu kama soseji iliyolowa. Paka anayekohoa hatoi kitu, anameza. Kile anachomeza ni ute uliopanda kutoka kwenye mapafu.

Na kwa paka kikohozi kina habari yake. Mbwa mzee akikohoa, lazima umfikirie moyo pia. Paka mwenye ugonjwa wa moyo ni nadra kukohoa, yeye atapumua haraka, atajificha, ataacha kula. Paka anayekohoa wiki baada ya wiki, huku anakula na ananenepa, mara nyingi shida yake iko kwenye vile vijibomba vidogo vinavyosambaza hewa ndani ya mapafu. Ninachokishuku mimi kwa Sharubu ni pumu. Ndiyo, paka wanapata pumu, na mara nyingi huanza wakiwa vijana au watu wazima wa umri kama wake. Mwili unakichukia kitu fulani kilichomo hewani, vijibomba vinavimba kwa ndani, vinatoa ute mzito, na misuli inayovizunguka inabana. Hewa huingia kwa shida lakini hutoka kwa shida zaidi. Ndiyo maana uliona tumbo likifanya kazi, alikuwa anaisukuma hewa nje.

Dalili nyingine umeniandikia bila kujua, ni ile sindano. Mnyama aliyekohoa miezi, akachomwa mara moja, akapona wiki mbili tatu, kisha kikarudi vilevile, mara nyingi alichomwa dawa ya jamii ya kotisoni inayokaa mwilini muda mrefu. Kotisoni huzima uvimbe wa pumu vizuri sana, na ikiisha, uvimbe unarudi. Simlaumu bwana mifugo kwa dawa, namlaumu kwa kuondoka bila kusema. Mpigie, muulize jina la dawa na tarehe, uandike kwenye karatasi. Daktari atakayemwona baadaye atahitaji karatasi hiyo. Na usikubali achomwe sindano hiyohiyo kila kikirudi, mwaka mzima. Kwa paka mnene kama Sharubu, kotisoni nyingi ni njia moja ya kufika kwenye kisukari. Ukiona ameanza kunywa maji kupita kawaida na mkojo umekuwa mwingi, usingoje.

Lakini nisijifanye nimemaliza kazi nikiwa huku mbali. Kuna kitu kingine kwenye barua yako kilichonifanya nisimame, ni mijusi. Kuna mnyoo mwembamba wa mapafu anayeishi ndani ya paka. Watoto wake hutoka na kinyesi, wanaingia kwenye konokono, konokono analiwa na panya, ndege au mjusi, na mjusi analiwa na Sharubu. Paka mwenye mnyoo huyo hukohoa vilevile kabisa kama mwenye pumu, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Kile kidonge kimoja cha minyoo kinachouzwa kwa ajili ya paka mara nyingi hakimgusi. Dawa inayotumika sana ni fenbendazoli, tena kwa siku kadhaa mfululizo, kwa kipimo cha uzito wake. Kwa hiyo peleka na kinyesi kibichi kwenye kichupa, umwombe daktari atafute mabuu ya mnyoo wa mapafu. Mwambie hivyo hivyo, maana kipimo chake ni tofauti na kile cha minyoo ya tumbo. Hata wasipoonekana, mimi ningempa dawa hiyo kwanza kabla ya kumwita paka wa mijusi mgonjwa wa pumu wa kudumu. Upo pia mnyoo wa moyo unaoletwa na mbu, naye akiingia kwa paka hushambulia mapafu. Kwa watu wa pwani yenye mbu, hilo nalo litajwe mbele ya daktari.

Picha ya eksirei inasaidia. Kwa paka mwenye pumu, kuta za vijibomba zilizovimba huonekana kama vijipete na kama reli ndogo mbilimbili. Ila wapo wenye pumu ya kweli ambao picha yao ni safi, kwa hiyo picha safi isikufanye uambiwe huna mgonjwa. Tanga ukikosa mashine ya wanyama wadogo, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanaifanya kazi hii. Safari ni ndefu kwa paka anayehema, kwa hiyo atulizwe kwanza hapohapo Tanga, ndipo asafirishwe.

Wakati unajipanga, nataka unifanyie kazi moja isiyo na gharama. Sharubu akiwa amelala usingizi kabisa, hakoromi ile raha ya paka, kaa karibu naye na simu yako. Tazama ubavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Paka mzima akilala hupumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Akipita 30 kila usiku, kuna jambo. Akifika 40 amelala, huyo ni wa kwa daktari siku hiyohiyo hata kama hajakohoa. Mpe mjukuu kazi ya kuandika namba kwenye daftari. Miaka sita anaweza, na atapenda kuliko kazi ya kumshika miguu.

Nikiutaja mguu nikumbuke mafuta. Bibi, paka anayekohoa asilazimishwe kunywa mafuta, ya nazi wala ya habbat soda. Mafuta hayachomi koo, kwa hiyo yakiteleza kuelekea mapafuni hayamshtui akakohoa kuyatoa. Yanakaa huko na kumletea nimonia isiyosikia dawa. Vicks nayo ina kafuri: kwanza inamchoma pua, kisha anajilamba kifua na kuimeza, na kafuri ni sumu kwake.

Panadol ndiyo iliyonitoa jasho. Sharubu alikuwa na akili kuliko sisi sote siku ile. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu. Damu yake hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyolala na kuacha kubeba hewa, uso unavimba, na nusu kidonge ingetosha kumdhuru vibaya. Kidonge kizima kinaua. Diclofenac na ibuprofen, dawa nyingine za maumivu, hukaa kwenye kabati hilohilo la nyumbani, nazo zimuepuke, hasa akiwa ameanza kotisoni, maana zikikutana tumboni zinachimba vidonda. Dawa ya kikohozi ya watoto haina cha kumsaidia mwenye pumu. Nyingine zina Panadol hiyohiyo ndani, zimebadilishwa sura tu.

Daktari akithibitisha ni pumu, kwa kawaida ataanza na vidonge vya prednisoloni, ambayo ni kotisoni ya kumeza, kila siku, kisha atapunguza kidogokidogo kwa wiki nyingi hadi kipimo cha chini kinachomtosha. Angalia jina dukani. Prednisoloni na prednisoni yamepishana silabi moja, na miili ya paka wengi haiitumii vizuri hiyo ya pili. Na usiikatishe ghafla siku atakapoacha kukohoa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: paka kapona, dawa imebaki, inawekwa kabatini, baada ya siku kumi tunarudi mlangoni na mdomo wazi.

Pampu, basi. Ulivyosita ulifanya vizuri, lakini wazo lenyewe si la kijinga. Paka wengi duniani wanatibiwa pumu kwa pampu. Kuna ya kuzuia, yenye kotisoni ya kuvuta kama flutikasoni, inayotumika kila siku na kuchukua kama wiki moja hadi mbili kabla ya kufanya kazi sawasawa. Na kuna ya kuokoa, salbutamoli, ile wengi wanayoijua, inayolegeza misuli kwa dakika chache. Tofauti na mjukuu, Sharubu hutamwambia “vuta”. Unahitaji kile kichupa kipana cha plastiki chenye barakoa ndogo, kama wanachotumia watoto wachanga. Mzoeze kwanza bila dawa: weka dagaa mmoja ndani ya barakoa, aingize pua mwenyewe, siku kadhaa, mpaka akikiona anakuja mbio. Kisha ndipo dawa inapulizwa ndani ya kichupa na barakoa inakaa usoni mpaka avute pumzi saba hadi kumi. Ya kuokoa isigeuzwe chakula cha kila siku. Inafungua njia kwa muda, uvimbe unabaki, na ikitumiwa kila mara inaweza hata kuuchochea. Kipimo apange daktari aliyemshika Sharubu mkononi. Pampu ya mtoto ibaki ya mtoto, siku atakapobanwa usiku isije ikawa imeisha kwa paka.

Sasa tuingie nyumbani kwako. Hapa utanisamehe, maana nagusa mila. Nimehesabu kwenye barua yako: mkaa barazani, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, na boksi la majivu. Paka anaishi chini, kwenye sakafu, pale vumbi linapotua na moshi mzito unapotambaa, na saa zote yuko ndani. Udi haukuanzisha ugonjwa, lakini ule wa Ijumaa ndio uliomfungua mdomo. Siwezi kumwambia bibi wa Tanga aache kufukiza udi, na wewe usingenisikiliza. Fukiza nguo zako chumbani, mlango umefungwa, dirisha wazi, yeye akiwa uani. Asirudi mpaka moshi uwe umekwisha, ibaki harufu tu.

Dawa ya mbu ndiyo ningeiondoa kabisa. Watafiti waliopima moshi wake mwaka 2003 waliona kwamba mzunguko mmoja ukiungua hadi mwisho unatoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Sigara 75, chumbani, mnalala ndani yake, wewe, mtoto na paka. Chandarua hakitoi moshi.

Hapo sasa namjibu mkwe. Pumu haiambukizi, si kutoka kwa paka kwenda kwa mtoto, si kutoka kwa mtoto kwenda kwa paka. Shoga yako naye kakosea. Lakini mkwe asionekane mjinga, ana kipande cha ukweli mkononi. Mate na ngozi ya paka vina protini ambayo watu wengine miili yao haiitaki, nayo husambaa na vumbi la manyoya. Mtoto mwenye pumu ambaye ana mzio huo hubanwa akiwa karibu na paka. Je, mjukuu ni mmoja wao? Hilo atalisema daktari wa mtoto, kwa kipimo cha mzio au kwa kuangalia mtoto anakuwaje akilala kwa shangazi yake wiki mbili. Na hata paka akiondolewa, mabaki yake hukaa kwenye magodoro na makochi kwa miezi, kwa hiyo kumtupa sokoni Jumatatu hakutamponya mtoto Jumanne. Kuanzia leo Sharubu asilale chumba cha mtoto, na mtoto anawe mikono baada ya kumshika. Mweleze mkwe wako pia, kwa upole, kwamba wagonjwa wawili wa kifua ndani ya nyumba moja wanavuta moshi mmoja. Akikubali kuondoa dawa ya mbu na kusogeza jiko mbali na mlango, atakuwa amemtibu mwanawe, na paka atafaidi pembeni. Kwa maneno hayo sidhani kama utamkosea.

Unene nao upungue. Mafuta ya kifuani yanabana mapafu yasitanuke. Panda kwenye mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, tofauti ndiyo uzito wake. Punguza wali, dagaa wabaki. Ashuke polepole tu kwa miezi. Usimfungishe, paka mnene akiacha kula siku chache ini lake linaharibika.

Kijibwa cha Arusha ni habari nyingine kidogo. Mbwa kukohoa siku nyingi za miezi miwili au zaidi, bila sababu nyingine kupatikana, tunaita mkamba sugu, yaani uvimbe wa kudumu wa njia za hewa, na hupenda mbwa wadogo wenye umri. Kile kikohozi cha kuambukizana, ambacho mbwa hukitoa kwenye mabanda ya mbwa wengi, huisha ndani ya wiki moja hadi tatu, kwa hiyo mwaka wa pili si hicho. Sauti ya bata inanielekeza kwenye bomba kuu la pumzi. Kwa mbwa wadogo wa aina ya Yorkshire, Pomeranian na Chihuahua, zile pete za gegedu zinazolishikilia bomba hulegea, bomba linalala kama mpira wa maji uliokanyagwa, na hewa ikipita kwa nguvu linapiga honi. Magonjwa hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mbwa mmoja, na kwa umri wake moyo usikilizwe pia. Mwambie kaka yako leo hii aivue ile kola ya shingoni, anunue mkanda wa kuvaa kifuani, na kamba ifungwe hapo. Kijibwa kikiwa kinene kipunguzwe, na kwa wengine hilo peke yake hupunguza kikohozi kuliko dawa yoyote. Ila kama nyumba ina pampu ya salbutamoli, iwekwe juu. Mbwa hupenda kutafuna vitu vya plastiki, na kopo la pampu likitobolewa kwa jino dawa yote humwingia kwa mpigo, moyo unakimbia kama cherehani.

Najua ukifika hapa utauliza: majivu nikiyaondoa, Sharubu ataenda wapi haja? Majivu ni laini mno, na yeye anayafukua pua ikiwa palepale juu yake. Tumia mchanga mzito wa pwani. Uoshe mara mbili kwa maji baridi chumvi itoke, uanike ukauke. Kisha chota kiganja, simama dirishani asubuhi jua linapoingia, umwage ndani ya boksi. Ukiona kivumbi kinapanda kwenye ule mwanga, urudishe ukaoshwe tena.